Tunaogopa Aibu Kuliko Ajali

Tarehe 1 Februari 2004 ilikuwa Jumapili. Jumatatu iliyofuata, maelfu ya watu Nairobi walienda kazi kwa miguu.

Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa mnabebwa mgongoni, na wengine hamkuwa mmezaliwa. Mimi pia nilikuwa mtoto wa nepi, kwa hivyo hii stori nimeitoa kwa wazee na kwa kusoma. Lakini jina la aliyesababisha hiyo Jumatatu unalijua: Michuki. Mzee yeyote akiona mat imejaza watu hadi mlangoni lazima aseme, "Hawa wanataka Michuki wao."

John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Oktoba 2003 alitoa kanuni mpya. Kila matatu iwekwe kidhibiti mwendo, isipite kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mshipi. Mstari wa manjano upite ubavuni. Dere na makanga wavae sare. Nissan ibebe watu 14, na hakuna cha "songeni kidogo, mwingine akae". Wenye gari walipewa hadi mwisho wa Januari kujipanga. Wengi walidhani ni maneno ya wanasiasa tu. Siku ilipofika, gari ambazo hazikuwa tayari hazikuonekana barabarani, na mtu wa kawaida akabaki na miguu yake.

Sitaki tumzungumzie Michuki kama shujaa au kama mkorofi. Ninachotaka ni swali ambalo hizo sheria zilituachia, na ambalo miaka zaidi ya 20 baadaye hatujalijibu. Kati ya hatari zote tunazobeba kila siku, ni ngapi tulizichagua sisi wenyewe, na ni ngapi tulibebeshwa tukanyamaza?

HARAKA NI YA NANI?

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni matatu zilikuwa gari za kujificha. Kibali cha kubeba abiria mjini Nairobi kilikuwa cha mabasi ya Kenya Bus Service, na hizi gari zingine zilipenya mitaani ambako basi halikufika. Nauli ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, na hapo ndipo jina lilipotoka. Halafu mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni maalum.

Kwa mtu wa chini hiyo ilikuwa habari tamu. Mtu mwenye gari moja angeweza kuanza biashara kesho yake. Lakini sheria ya kuzipa matatu leseni na kuzikagua ilikuja 1984. Hiyo ni miaka 11 ambayo biashara nzima ilikua bila mtu kuiuliza maswali mengi, na ikakua na mtindo wake.

Mtindo wenyewe bado upo. Mwenye gari anataka pesa yake kamili kila jioni, iwe mvua au jam. Mafuta yanatoka hapo hapo. Kuna chai ya barabarani, usijifanye huijui. Kinachobaki ndicho dere na makanga wanagawana. Kwa hivyo siku yao yote ni hesabu ya raundi. Raundi moja zaidi inaweza kuwa tofauti ya kurudi nyumbani na unga au bila. Ukielewa hivyo, utaacha kusema madereva wa matatu ni wazimu. Hawana wazimu. Wanaendesha kulingana na jinsi wanavyolipwa.

Sasa weka mwili wako kwenye hiyo hesabu. Chukua barabara wazi ya kilomita 10. Kwa mwendo wa 80, unaimaliza kwa dakika saba na nusu. Kwa mwendo wa 100, dakika sita. Umeokoa dakika moja na nusu, ambayo utaimaliza yote kwa steji ukingoja makanga arudishe chenji. Lakini nguvu ya gari kugonga haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Kutoka 80 hadi 100, hiyo nguvu inaongezeka kwa asilimia 56.

Dakika moja na nusu ni yako. Raundi ni ya dere. Hesabu ya jioni ni ya mwenye gari. Na mbavu zitakazokutana na kiti cha mbele ni zako tena.

MSHIPI WA POLISI

Sheria za Michuki zilifanya kazi, na tusiwe watu wa kubisha kila kitu. Takwimu za polisi zilionyesha vifo barabarani vikishuka kutoka karibu 3,000 mwaka 2003 hadi chini ya 2,500 mwaka 2004. Hizo ni familia mia kadhaa ambazo hazikuzika mtu mwaka huo, na hazijui hata leo kwamba ni wao.

Halafu ikaanza kulegea. Mishipi ikachafuka, mingine ikakatika. Vidhibiti mwendo vikachezewa. Ndani ya miaka michache vifo vilikuwa vimepanda tena. Agosti 2013 basi lilianguka Ntulele, kaunti ya Narok, watu 41 wakafa. Oktoba 2018 lingine likaanguka Fort Ternan, Kericho, wakafa zaidi ya 50. Mwezi uliofuata, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i akarudisha sheria za Michuki kwa nguvu. Unakumbuka kilichotokea? Gari zikapotea, watu wakatembea. Filamu ile ile, miaka 14 baadaye, tena bila waigizaji kubadilishwa sana.

Na kuna kitu kimoja ambacho hizo sheria zilifichua kuhusu sisi abiria. Umekaa ndani ya mat ya safari ndefu. Dakika 40 mshipi umelala kando yako kama nyoka aliyekufa. Makanga anainama: "Fungeni mishipi, kuna karao mbele." Watu 14 wanafunga kwa sekunde tano. Mwenye mshipi mbovu anaushikilia kwa mkono ili uonekane umefungwa. Mkipita kizuizi, klik klik klik, wote mnafungua.

Yaani tuliogopa faini, tukaogopa kushushwa, tukaogopa kuangaliwa vibaya na polisi. Ile kitu mshipi ulitengenezewa hatukuiogopa.

NAMBA ZIKO HIVI

Mwaka 1969 mhandisi Mmarekani Chauncey Starr aliandika katika jarida la Science kwamba watu hukubali hatari waliyoichagua wenyewe mara 1,000 hivi kuliko hatari waliyolazimishiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuruka na parachuti Jumamosi, halafu Jumatatu aandamane kupinga kiwanda cha kemikali karibu na nyumba yake. Wasomi waliokuja baadaye walibishana sana na hiyo hesabu ya 1,000, lakini wazo lenyewe limebaki: tukihisi tumeshika usukani, tunavumilia mengi.

Shida yetu ni kwamba tumejifunza kuhisi tumeshika usukani hata tukiwa tumekaa kiti cha nyuma. Tunasema "mimi napenda nganya inayokimbia" kana kwamba mguu ulioko kwenye mafuta ni wetu.

Hebu tupime. Mwaka 2023 Kenya ilirekodi vifo 4,324 vya barabarani, na Shirika la Afya Duniani huwa linakadiria kwamba idadi ya kweli ni kubwa kuliko ile inayorekodiwa. Tumia hiyo ndogo tu. Ukigawa kwa watu milioni 50 hivi, ni mtu mmoja kati ya 12,000 kwa mwaka. Haitishi. Ukiambiwa una nafasi moja kati ya 12,000 ya kushinda gari, hata tiketi hununui.

Lakini wewe hutasafiri mwaka mmoja. Zidisha kwa miaka 50 na mambo yakiendelea hivi hivi, inakuwa mtu mmoja kati ya 230. Fikiria shule yako ya upili kama ilikuwa na wanafunzi 1,000. Simama pale paredi kwa kichwa chako uangalie mistari yote. Wanne kati ya hao. Na wengi hawatakufa wakiwa ndani ya gari linalokimbia: kundi kubwa zaidi kwenye hizo takwimu ni watembea kwa miguu, na pikipiki wanafuata. Kumbe hata yule ambaye hakupanda kitu chochote analipia haraka ya mtu mwingine.

Hivi ndivyo hatari ya kila siku inavyotuchezea. Kila kipande ni kidogo sana hadi kukikataa unaonekana mwoga. Ukivijumlisha ndiyo unaona deni.

BODA, CHUO NA VIKAO VYA FAMILIA

Boda ni stori nyingine ya kwetu kabisa. Zilianza na baiskeli kule Busia, zikivusha watu na mizigo kutoka upande wa Kenya hadi Uganda, mpaka mmoja hadi mwingine, ndiyo "boda". Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na ndani ya miaka michache kila kona ikawa na steji ya boda. Vijana wakapata kazi ambayo haiulizi cheti. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akapata njia ya kufika hospitali usiku. Mimi siwezi kukaa hapa niwaambie msipande boda. Hatari yenye faida ya kweli ni hatari halali.

Lakini angalia tunavyopanga hofu zetu. Nilipoacha chuo familia ilifanya kikao kizima. Mjomba alisafiri. Shangazi alikuja na daftari. Kila mmoja aliniuliza kama nimefikiria hatari ninayochukua, na walikuwa na haki kuuliza, ni watu wangu. Ila miezi hiyo hiyo nilikuwa naanza kupata kazi za kurekodi sherehe, narudi nyumbani kwa boda saa tano usiku kwenye barabara isiyo na taa. Hiyo haikuwahi kuitishiwa kikao. Hakuna aliyetoa daftari.

Chuo kina mlango wa kurudi. Mtu anaweza kurudi akiwa na miaka 25, 30, hata 50. Kichwa kikipasuka kwenye lami hakina muhula wa pili. Ila kuacha chuo kunaonekana, majirani watasema, na kupanda boda bila helmeti hakuna jirani atasema. Tena ni aibu ndiyo inatupimia hatari.

Na tuongee ukweli kuhusu helmeti. Ile ya boda inanuka. Imevaliwa na watu 30 leo. Umetoka saluni na nywele umelipia. Ukimwambia jamaa akupe helmeti anakuangalia kama umemwita mwizi. Hizo sababu zote ni za kweli. Kwa upande mwingine, watafiti waliokusanya tafiti nyingi za dunia na kuchapisha majibu mwaka 2008 walikuta kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Weka harufu upande mmoja wa mizani, weka 42 na 69 upande wa pili. Chaguo ni lako, lakini sasa unajua unanunua nini na kwa bei gani. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani yake kinaingia mfukoni.

STIKA ILIYOSHINDA MAWAZIRI

Sasa nifike kwa kitu kilichonifanya niandike hii yote.

Mwaka 2008, wakati wa Michuki ulikuwa umepoa, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walikuja na jaribio hapa Kenya. Walichukua matatu za masafa marefu, zaidi ya 1,000 wakazichagua kwa bahati nasibu, wakazibandika stika ndani. Hazikuwa za kumhubiria dere. Zilimwambia abiria: akiendesha vibaya, sema. Ili dere asizibandue, waliweka droo ya kila wiki, stika zikipatikana bado ziko anaweza kushinda pesa.

Hakuna kizuizi cha polisi. Hakuna mashine. Karatasi tu yenye gundi.

Walipoenda kuangalia madai ya bima, gari zenye stika zilikuwa zimepunguza madai kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Baadaye wakarudia na gari kama 12,000, kampeni ikajulikana kama Zusha, na majibu waliyochapisha 2015 yalionyesha madai yakishuka kwa asilimia 25 hadi 33. Ni pungufu kuliko mara ya kwanza, lakini kwa kipande cha karatasi, manze, ni kitu kikubwa.

Kwa nini ilifanya kazi? Fikiria mwenyewe. Ndani ya ile mat watu 14 wote wameshika kiti cha mbele. Wote wanaomba kimoyomoyo. Wote wanajua huyu jamaa amezidi. Na wote wananyamaza, kwa sababu kila mmoja anaangalia wenzake, anaona wametulia, anadhani ni yeye peke yake anaogopa. Stika inavunja huo uongo. Inampa wa kwanza ruhusa. Akishasema mmoja, wa pili anaitikia, na dere ambaye angempuuza mtu mmoja hawezi kupuuza gari nzima, maana hao ndio nauli.

Kwa hivyo kulikuwa na hatari mbili ndani ya ile gari, si moja. Ya kwanza ni kufa. Ya pili ni kuitwa mwoga, makanga akuambie "nunua yako", watu wacheke. Kwa miaka mingi tumekuwa tukilipa ya kwanza ili tuepuke ya pili.

SI BEI MOJA KWA WOTE

Najua kuna msichana anasoma hapa anasema, wewe ni mwanaume, kwako ni rahisi. Uko sawa. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na kundi la wanaume steji. Huwezi kumwambia mtu anayekumbuka hiyo kwamba kubishana na makanga saa tatu usiku ni aibu tu. Kwake inaweza kuwa hatari kubwa kuliko mwendo wenyewe, na kushushwa mahali pasipo na taa si mchezo.

Hapo ndipo naona jibu la swali la kiasi gani cha hatari kinafaa. Usiulize tu "naogopa au siogopi". Uliza vitu vitatu. Faida ya hii hatari inaingia mfuko wa nani? Ikienda vibaya, kuna kurudi? Na je, kuna hatari ndogo ninayoweza kubeba mimi ambayo itamwondolea mwingine kubwa?

Ukifungua biashara na akiba yako, faida ni yako, ukianguka utainuka. Jaribu. Ukikimbizwa kilomita 110 ili mtu mwingine apate raundi, faida si yako na hakuna kurudi. Kataa. Na kama uko ndani ya ile mat, wewe kijana wa miaka 22 mwenye mabega, umekaa pale mbele karibu na dere, kitu kibaya zaidi unachoweza kupata ni kuchekwa hadi steji ya mwisho, basi wewe ndiye uanze. Usingoje mama mwenye mtoto mgongoni. Usingoje yule dada wa nyuma. Kwako bei ni ya chini, lipa.

Michuki alifariki 2012. Waziri mwingine atakuja na oparesheni yake, tutatembea wiki moja, tutarudi tulipokuwa. Wakati tunamngoja, sentensi yenyewe ni fupi na haihitaji ukali: "Dere, tafadhali punguza mwendo." Iseme mapema, kabla gari haijatoka mjini, kwa sauti ya kawaida kama unaitisha chenji. Halafu angalia kama kuna mtu nyuma ataitikia.

Ukijaribu wiki hii, niambie makanga alikujibu nini.